Kompyuta Inayotoa Hesabu
Mhadhara kwa wanachuo, walimu na watumishi wa kata, Buhare, Musoma

 

Mada yetu ni kusakinisha na kuondoa programu za kompyuta kwa kuandika amri, bila kubofyabofya picha. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini mada ya mafundi iletwe Buhare, mahali ambapo Chuo cha Maendeleo ya Jamii kinaandaa watu wa kukaa na vikundi vya akina mama na vijana, wala hakiandai wahandisi. Jibu langu ni kazi yenu yenyewe. Kesho utapangiwa halmashauri, labda Bunda, labda Rorya, na mezani kwako kutakuwa na kompyuta. Ndani yake kutakuwa na orodha ya vikundi vilivyosajiliwa, majina ya wanachama, namba zao za kitambulisho, na hesabu ya ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaulizwa fedha imekwenda wapi na utajibu kwa karatasi. Lakini mtu akikuuliza kompyuta hiyo ina programu gani, kila moja imetoka wapi, imeingia lini na nani aliiweka, je, utakuwa na jibu?

Katika ofisi nyingi na steshenari zetu jibu halipo. Kompyuta ikisumbua tunaipeleka kwa fundi "apige Windows". Fundi ana flashi yake, na ndani ya flashi ana mfumo na programu za kuandikia zilizovunjwa leseni, pamoja na kijiprogramu cha kuziamsha kinachokutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Simlaumu fundi. Anawasaidia watu wasio na fedha ya leseni, na mara nyingi ndiye pekee anayefungua mlango siku ya Jumamosi. Ninachosema ni kwamba kijiprogramu kinachoomba mlinzi aondolewe kwanza ndipo kiingie, hakuna mtu katika mnyororo huo anayeweza kukuambia kinafanya nini baada ya hapo. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 jambo limekuwa zito zaidi, kwa sababu Microsoft imesitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo hazikidhi masharti ya Windows 11.

Kuna njia nyingine, na ina zaidi ya miaka 30.

Mwezi Agosti 1993 kijana aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, Ian Murdock, alitangaza mradi aliouita Debian, kwa kuunganisha jina la mchumba wake Debra na lake. Alitaka mfumo wa Linux unaotunzwa na watu wengi kwa uwazi, kila mmoja akiwa na sehemu anayowajibika nayo. Ili watu waliotawanyika dunia nzima waweze kufanya kazi hiyo, kila programu ilibidi ifungwe kwa namna moja. Hapo ndipo kilipozaliwa kifurushi cha programu, faili lenye kiishio cha .deb, na chombo cha kukifungua kinachoitwa dpkg. Ndani ya faili hilo mna programu yenyewe na karatasi ya maelezo inayotaja jina, toleo, mtunzaji, na vitu vingine ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi. Hivyo vya mwisho tuviite vitegemezi. Mwaka 1999, katika Debian 2.1, kikaingia chombo cha pili, APT, kinachosoma vitegemezi na kwenda kuvichukua chenyewe ghalani, yaani kwenye hazina ya vifurushi iliyoko mtandaoni. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina vifurushi 69,830. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu ya msingi huohuo. Wapo wenzetu wanaokumbuka bahasha za Ubuntu zilizokuwa zikiingia bure kwenye sanduku la posta zikiwa na CD, huduma iliyofungwa mwaka 2011. Wanaotumia Linux ya aina ya Fedora wana chombo chao, dnf, nacho nakipita kwa sababu mantiki ni ileile.

Sasa tufanye kazi. Mfano wangu ni kifurushi kidogo kinachotuhusu, hunspell-sw, ambacho ni kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Ukikiweka, programu ya kuandikia ya LibreOffice inaacha kukupigia mstari mwekundu chini ya kila neno la muhtasari wa kikao. Waswahili hawajakaa pembeni katika dunia hii. Mwishoni mwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na inaniuma kwamba vijana wengi hawajawahi kuisikia.

Fungua dirisha jeusi la terminali, uandike: sudo apt update. Amri hii haisakinishi chochote. Inaleta orodha mpya ya yaliyomo ghalani, basi. Neno sudo la mwanzo linaomba mamlaka ya mkuu wa mfumo, ndiyo maana utaulizwa nywila, na ukiichapa hutaona hata nukta moja kwenye kioo, usishtuke. Kisha uandike: apt show hunspell-sw. Hapo utasoma karatasi ya maelezo kabla hujatumia bando lako. Utaona ukubwa wake, mtunzaji wake, na kwamba kinategemea kifurushi kingine kiitwacho dictionaries-common. Ukiridhika, andika: sudo apt install hunspell-sw. APT itakutajia kila kitakachoingia, ukubwa wa kupakua, na nafasi itakayoliwa kwenye diski. Katika usakinishaji wowote unaoleta vitu zaidi ya ulichokitaja kwa jina, itasimama ikusubiri useme ndiyo au hapana.

Pale inaposimama ndipo penye thamani ya njia hii yote. Mwezi Novemba 2021 Linus Sebastian, Mkanada mwenye chaneli maarufu ya video za kompyuta, alikuwa anajaribu kusakinisha programu ya michezo iitwayo Steam kwenye Linux ya aina ya Pop!_OS. Kifurushi kilikuwa na kasoro ya vitegemezi. Terminali ikamwonya kwamba ili Steam iingie, vifurushi muhimu vya mfumo vitaondolewa, na ikamtaka achape sentensi nzima ya kukubali. Akaichapa. Kompyuta ikabaki bila mazingira ya picha. Mamilioni ya watu waliitazama video hiyo, na baadaye watengenezaji wa APT wakaweka kizuizi kigumu zaidi. Hata hivyo kizuizi hakisomi kwa niaba yako. Ukiwa na shaka, ongeza alama -s kwenye amri, na APT itaigiza kila hatua bila kugusa kitu.

Nije kwenye uaminifu, maana hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na flashi ya mtaani. Kila toleo la ghala la Debian lina faili moja la orodha lililotiwa sahihi ya kidijitali. Faili hilo lina alama za utambulisho za orodha ndogo, na orodha ndogo zina alama za utambulisho za kila kifurushi. Kompyuta yako ina ufunguo wa kuhakiki sahihi ile. Kwa hiyo herufi moja ikibadilishwa njiani, iwe na mhalifu au na waya mbovu, alama hazitalingana na APT itakataa. Ndiyo maana inawezekana kuchukua vifurushi kupitia njia usiyoiamini na bado ukawa salama, kwa kuwa ulinzi umo ndani ya mzigo, haumo kwa mbebaji.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Uhakiki huo unafanywa na APT inapochukua kitu ghalani. Mtu akikuletea faili moja la .deb mkononi ukalisakinisha kwa dpkg -i, sahihi haiangaliwi. Na kifurushi kina hati ndogo zinazotekelezwa kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo wakati wa kuingia na kutoka. Faili la .deb kutoka kwa usiyemjua ni sawa kabisa na kile kijiprogramu cha fundi.

Wala ghala si malaika. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi Microsoft, aliona kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH, njia ya kuingia kutoka mbali, kunachelewa nusu sekunde. Alifuatilia hiyo nusu sekunde hadi akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana faili inayotumika karibu kila mahali. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan, na alitumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani ya watunzaji. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamefika kwenye matawi ya majaribio ya Debian, yalikuwa hayajafika kwenye toleo thabiti. Wenye kutumia toleo thabiti walisalimika, na watu wote duniani waliweza kuuliza kompyuta zao swali moja na kupata jibu papo hapo: una xz toleo gani? Kompyuta isiyo na kumbukumbu ya vilivyomo isingeweza kujibu.

Kuondoa sasa. Watu wengi hujifunza kusakinisha wakaishia hapo, nami naona kuondoa ndiko kunakopima kama mfumo ni mzuri. Programu usiyoitumia bado ina kasoro zake, bado inadai masasisho, bado inakula bando na diski. Ofisi inayojua kuingiza tu hujaa.

Amri ya kwanza ni sudo apt remove ikifuatiwa na jina. Hii inaondoa programu lakini inaacha faili za mipangilio zilizo chini ya /etc, ili ukiirudisha uikute ulivyoipanga. Ukitazama orodha kwa dpkg -l, vifurushi vilivyopo vina herufi ii pembeni, na vile vilivyoondoka vikaacha mipangilio vina rc. Amri ya pili ni sudo apt purge, na yenyewe inaondoa hata mipangilio. Wanachuo huogopa hapa kwamba barua na ripoti zao zitafutika. Hazifutiki, amri hizi zimeundwa zisiguse nyaraka zilizo kwenye folda yako chini ya /home. Pa kuogopa ni kwenye programu za hifadhidata, kama PostgreSQL au MariaDB, ambazo data yake hukaa chini ya /var/lib. Ukisafisha hizo kwa purge unaweza kupoteza data yenyewe. Chukua nakala kwanza.

Amri ya tatu, sudo apt autoremove, inahitaji maelezo zaidi kuliko zote. APT hukumbuka kipi ulikiomba kwa jina na kipi kiliingia kwa kufuata kingine. Ukiondoa programu kubwa ya picha kama GIMP, maktaba zilizokuja nayo hubaki zikiwa hazina mwenyewe, na autoremove huzikusanya na kuzitoa. Ni jambo zuri. Hatari yake ni hii: kuna vifurushi ambavyo ndani havina kitu, kazi yake ni kutaja vingine tu. Kifurushi kiitwacho gnome ni cha namna hiyo, kinataja mazingira yote ya picha. Ukiondoa kimoja tu cha vitegemezi vyake, gnome yenyewe inaondoka, na vilivyoingia kwa sababu yake vinaweza kuhesabiwa kuwa yatima. Mwezi mmoja baadaye mtu mwingine anaandika autoremove, anaona orodha ndefu, anasema ndiyo, na kesho yake ofisi haina kioo cha kubofya. Dawa ni kusoma ile orodha, na kwa kila unachotaka kibaki, kuandika sudo apt-mark manual na jina lake. Kuanzia hapo APT inakijua kuwa umekiomba wewe.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, usikimbilie kupiga mfumo upya. Dpkg huandika hatua zake kadiri inavyokwenda. Umeme ukirudi, andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install, na mara nyingi kazi itaendelea pale ilipokatikia.

Nimeacha kwa makusudi suala la bando hadi sasa, kwa kuwa ndilo linaloua mpango huu katika taasisi zetu, na ndilo ambalo Buhare inaweza kulitatua yenyewe. Tuseme maabara ina kompyuta 20 na masasisho ya mwezi yana MB 400. Kila kompyuta ikichukua ya kwake, mwezi umekula GB 8 kwa kuleta kitu kilekile mara 20. Mwisho wa siku mtu mwenye funguo za modemu anazima masasisho, na anafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Sasa chukua kompyuta moja ya zamani yenye diski nzuri, sakinisha humo kifurushi kiitwacho apt-cacher-ng, na uzielekeze nyingine zote zipitie kwake kwenye mlango namba 3142. Kompyuta ya kwanza ikiomba kifurushi, kinatoka mtandaoni na nakala inabaki. Ya pili hadi ya ishirini zinachukua hapohapo ndani, kwa kasi ya waya wa maabara. GB 8 zinakuwa MB 400. Hiyo kompyuta ya katikati haiwezi kuwadanganya wengine, maana sahihi niliyoieleza inahakikiwa na kila kompyuta kivyake.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania nzima na kwa majirani. Siku kama hiyo, maabara yenye nakala zake ndani ingeweza kufundisha, kusakinisha, kuondoa na kurudisha. Isiyo nazo ingefunga mlango.

Kwa sababu hiyohiyo nashauri Debian kuliko Ubuntu kwa mazingira yetu, ingawa Ubuntu naiheshimu. Tangu toleo la 22.04, ukiandika apt install firefox kwenye Ubuntu unaletewa kifurushi cha aina nyingine, snap, ambacho ni kizito na hakipiti kwenye ile nakala yetu ya ndani. Kompyuta 20 zitarudi kupakua kila moja kivyake. Angalizo la mtumba: Debian 13 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Kama ile ya ofisini ni ya zamani kiasi hicho, Debian 12 ndiyo ya mwisho itakayoipokea.

Na kwa ofisi ya kata isiyo na intaneti kabisa, kuna apt-offline. Kwenye kompyuta ya ofisi unaandika apt-offline set, inatoa faili dogo la mahitaji. Faili hilo unalitia kwenye flashi, unapanda gari hadi Musoma mjini, au ukitoka upande wa Butiama unapitia Makutano, unafika penye mtandao na kuandika apt-offline get. Ukirudi, apt-offline install inaikabidhi APT ulichobeba, kisha unasakinisha kwa apt install kama kawaida. Kazi hiyo anaweza kutumwa hata kijana wa kidato cha pili, akajifunza njiani.

Nimalizie na kitabu cha hesabu, kwa maana nyie mnajua kikundi cha kuweka na kukopa kinavyoishi kwa daftari lake. Daftari la kompyuta hii ni faili liitwalo /var/log/apt/history.log. Kila kilichoingia au kutoka kupitia APT kimeandikwa humo, siku na saa, amri iliyotumika, na kwa aliyetumia sudo, jina lake. Ndiyo sababu kila mtumishi awe na jina na nywila yake, na nywila ya mkuu wa mfumo isibandikwe ukutani kama nilivyoona katika ofisi zaidi ya moja. Wawili wakiwa na sudo inatosha, ili mmoja akisafiri kazi isisimame.

Afisa akihamishwa, hukabidhi funguo, mihuri, majalada na samani, na aliyepokea anatia sahihi. Nataka ukurasa mmoja uongezwe kwenye makabidhiano hayo. Andika apt-mark showmanual, uchapishe kinachotoka, ukifunge kwenye jalada. Ni orodha ya programu zote zilizoombwa kwa jina kwenye kompyuta hiyo. Siku diski ikifa, mwenzako ataweka Debian mpya, ataipa apt install orodha hiyo kwa amri moja, na programu zitarudi, kisha atarejesha nyaraka kutoka kwenye nakala mliyoihifadhi. Kuanzia kesho saa mbili asubuhi nitakuwa maabara na kompyuta ile ya zamani iliyoko stoo. Wanaotaka tuiwekee apt-cacher-ng pamoja, waje na kalamu.